Vijana wa kahawa hawajaukimbia ushirika, masharti yetu ndiyo yamewaacha nje

#1 Mama Mbuni (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu, kuchangia ni kwa nadra. Leo nina jambo limenikaa moyoni tangu mkutano mkuu mmoja wa chama chetu, naomba mnivumilie kwa urefu wake.

Natokea Kilimanjaro, huku juu migombani, na kwa miaka kumi na moja nimekuwa katibu meneja wa chama cha msingi cha kahawa. Sitakitaja jina. Kila mwaka kwenye taarifa ya bodi, chini ya changamoto, huwa tunaandika kwamba vijana hawana mwamko wa ushirika. Maneno hayo nimeyaandika mimi kwa mkono wangu, mwaka hadi mwaka. Nimefungua uzi huu kwa sababu siyaamini tena.

Kuna kijana wa miaka 26 hapa kijijini. Baba yake ni mwanachama, lakini mzee magoti yamemshinda, kwa hiyo kazi yote ya kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, ni ya huyu kijana: kupogolea, kupiga dawa ya ugonjwa wa chulebuni, kuchuma, kumenya, kuanika vichanjani, na kubeba gunia mpaka ghalani. Siku moja ya mapokezi nilikuwa napima kahawa yake ya maganda. Nikasoma kilo 63, nikataka kuandika. Akaniambia kwa adabu, "Mama, hiyo mizani haikurudi kwenye sifuri." Tukashusha gunia, nikaangalia. Kweli, mshale ulikuwa umekaa karibu nusu kilo mbele. Tena ilikuwa imemzidishia yeye. Angenyamaza angefaidi. Tukasawazisha, tukapima upya, nikaandika kilo pungufu kwenye kitabu, kwa jina la baba yake kama kawaida.

Wiki tatu baadaye ukawa mkutano mkuu. Akaja, akakaa benchi la nyuma. Ajenda ya makato ilipofika akanyoosha mkono. Mwenyekiti akamuuliza namba ya uanachama, hana. Akaambiwa awapishe wanachama, akatoka bila neno. Kutoka nilipokaa nilikuwa namwona dirishani, amesimama nje, ameegemea mgomba, anasikiliza. Tukaendelea. Ajenda ya saba ilikuwa "Mikakati ya kuwavuta vijana kwenye ushirika." Tuliijadili kwa dakika arobaini na yeye yuko pale dirishani.

Jumapili iliyofuata, usharikani, baada ya ibada, kwaya ya vijana ikasoma hesabu za safari yao na za kinanda walichonunua. Mhazini ni nani? Ni yule yule. Alikuwa na daftari kubwa la mistari, mapato kwa kalamu ya bluu, matumizi kwa nyekundu, kila ukurasa umejumlishwa chini. Mama mmoja akasimama akauliza shilingi elfu kumi na tano za nyongeza ya mafuta zilikwenda wapi. Hakukasirika. Akafunua, akatoa risiti iliyobanwa kwa pini, akamsogezea asome mwenyewe. Nikaona aibu, kwa sababu kwenye chama chetu tumewahi kukosa risiti za kiasi kikubwa zaidi ya hicho, na tulikuwa na watu wenye vyeti.

Tangu siku ile najiuliza kwa nini kanisa limempata na sisi tumemkosa. Ninavyoona, kanisa lina ngazi. Mtoto anaanza kusoma somo Shule ya Jumapili mbele za watu. Akikua anakuwa katibu wa kwaya, mhazini wa vijana, akifika miaka thelathini na kitu anaingia baraza la wazee. Na kila ngazi ina kitu cha kutolea hesabu, hata kiwe kidogo. Ushirika wetu ngazi za chini hauna. Nafasi ya kwanza ambayo mtu anaweza kushika ni ujumbe wa bodi. Ili uwe bodi sharti uwe mwanachama, ili uwe mwanachama masharti yetu yanataka uwe na kihamba, na kihamba unakipata mzee akishalala. Kwa mila zetu hata hapo ni mpaka uwe mtoto wa kiume, hasa wa kwanza aliyekatiwa chake au wa mwisho anayebaki nyumbani. Wa katikati na mabinti, sisi wengine, tunabeba tu magunia yenye majina ya watu.

Mtaniambia kuna semina. Tumepeleka vijana. Wamerudi na fulana, posho na cheti, kisha hakuna aliyewapa kazi hata ya kufungua ghala. Kiongozi hafundishwi kwa projekta. Mpe funguo na kitabu, halafu umuulize mbele za watu.

Wala si kwamba misingi yetu imewasahau. Ile misingi saba ya ushirika iliyopitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mwaka 1995, wa tano unahusu elimu, na unawataja vijana waziwazi. Na ushirika wa huku si wa jana. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianza chama chao mwaka 1925, chama kikuu chao, KNCU, kikasajiliwa 1933. Chama chenye umri huo kinapaswa kujua namna ya kurithishana kazi.

Naomba kusikia wa taasisi nyingine: kanisani, msikitini, kwenye saccos, kazini. Kijana kwenu anaanzia wapi?

#2 Sauti ya Tatu

Mama Mbuni, ubarikiwe. Nimekuwa katibu wa kwaya miaka sita, ulichosema ni kweli kabisa. Kuandika muhtasari, kuitisha kikao, kumsema mtu mkubwa kwa heshima anapochelewesha mchango, vyote nilijifunza kwenye kwaya. Kazini wanadhani nilisomea.

Ila nikuongezee upande wa pili. Kanisani nako ngazi inakatika mahali. Tunaachiwa kwaya, michezo na mapambo ya Krismasi. Bajeti ya usharika, ujenzi na mashamba ya kanisa ni ya wazee. Mwaka fulani tuliomba vijana wawili wakae kamati ya ujenzi, tukaambiwa tusubiri tuoe kwanza. Wenzangu wanne waliokuwa wazuri kuliko mimi sasa wanasali makanisa mengine, na huko wamepewa idara nzima.

#3 Nyuki wa Mbozi

Mleta uzi nakuheshimu lakini mimi nitasema tofauti. Sisi huku Songwe tuliwafungulia. Kikundi cha vijana kilikopeshwa ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, kwenye ile asilimia nne ya vijana, kwa ajili ya mashine ya kumenyea. Ndani ya mwaka mashine haipo, mwenyekiti wa kikundi yuko Tunduma anauza simu, na marejesho ni sifuri. Wazee wakisema vijana wana haraka, wana sababu. Uaminifu hauji kwa kupewa fedha.

#4 Mama Mbuni

Mkuu Nyuki, pole sana, na nimekuelewa. Naomba nikuulize kitu kimoja: kikundi kile kilisoma hesabu mbele ya nani?

Nadhani hapo ndipo tofauti ilipo. Yule mhazini wa kwaya anaulizwa na mama anayemfahamu mama yake, anayekutana naye bombani kesho yake. Kikundi cha mkopo kinajibu kwa ofisi iliyo mbali, kwa fomu, na mara nyingi wanakikundi wenyewe walikutanishwa na fomu hiyo hiyo. Tena walianza na mashine nzima. Huyu wetu alianza na michango ya sare. Mimi sisemi tuwape vijana fedha nyingi. Nasema tuwape kidogo, mapema, na tuwaulize kwa sauti.

#5 Karani Mstaafu

Nimesoma kwa makini. Binti yangu, umegusa jambo ninalolijua kwa sababu nililiishi.

Niliajiriwa chama cha msingi mwaka 1971, nikiwa na miaka 20. Katibu wangu alikuwa mzee mkali. Msimu mzima wa kwanza sikugusa fedha. Kazi yangu ilikuwa mizani na kushona magunia. Kila jioni ananikalisha, ananisomea tarakimu za siku, mimi najumlisha kwa kichwa, yeye kwa kalamu, zikipishana tunarudia mpaka zikutane. Msimu wa pili akanipa kitabu cha mapokezi. Wa tatu akanipa funguo za ghala, na siku ananikabidhi aliita kamati nzima washuhudie. Baadaye nikapelekwa Chuo cha Ushirika Moshi, kile kilichoanza mwaka 1963 na sasa ni chuo kikuu. Nilipofika darasani nilikuwa tayari najua wanachokiongelea. Chuo kilikuja kunipa majina ya vitu ambavyo mkono wangu ulishavijua.

Halafu ikaja 1976. Vyama vikuu, vile vilivyounganisha vyama vya msingi, vikafutwa, kazi ya mazao ikapelekwa kwenye vijiji na mamlaka za mazao. Nakumbuka siku ya kukabidhi: vitabu tulivirundika sakafuni, mtu wa kuvipokea akahesabu idadi ya vitabu, hakufungua hata kimoja. Sheria ya kurudisha ushirika ilipitishwa 1982, vyama vikuu vikasimama tena 1984. Watu wanahesabu hasara ya miaka ile kwa majengo na magari. Mimi naihesabu kwa makarani. Yule kijana wa miaka 20 ambaye mwaka 1977 angekaa chini ya mzee wangu, hakukaa. Ushirika uliporudi, majengo tuliyakuta, lakini wa kufundisha walikuwa wameshatawanyika, wengine wamezikwa. Nafasi zikajazwa na waliojua kuongea.

Kwa hiyo tukisema "vijana wa leo", tukumbuke uzi ulikatika kwa baba zao.

#6 Ng'wanapamba

Mzee Karani shikamoo. Nimesoma maneno yako mara mbili.

Mimi niongeze la Kanda ya Ziwa. Paul Bomani alizaliwa 1925. Mwaka 1947, ana miaka 22, tayari alikuwa anafanya kazi kwenye chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Wakati ule malalamiko makubwa ya wakulima wa pamba yalikuwa mizani ya wanunuzi. Chama kikaweka wapimaji wake kwenye vituo vya kununulia ili mkulima apimiwe upya na mtu wa upande wake. Wakulima wakaona faida, wakataka vyama vyao wenyewe. Bomani akazunguka Usukumani kuvianzisha, akaenda kusoma ushirika Loughborough, Uingereza, na mwaka 1955 shirikisho la vyama vya pamba, VFCU, likaanza naye akiwa meneja mkuu. Hapo ana miaka 30. Mwaka 1962 akawa waziri wa fedha, Mwafrika wa kwanza kushika wizara hiyo Tanganyika.

Nataka muone mfuatano wake: kazi ya chama kidogo, halafu mizani, halafu kuzunguka vijijini, ndipo chuo, ndipo meneja, ndipo waziri. Leo tunaanza na chuo halafu tunashangaa mizani inatushinda. Na mleta uzi, kijana wako naye ameanzia kwenye mizani.

#7 Abiria wa Mbele

Habari zenu ndugu za Tanzania. Mimi ni wa Kirinyaga, kwetu pia ni kahawa na shida ni hiyo hiyo, mashamba ni ya wazee na vijana wako Nairobi.

Lakini niwaambie kitu kuhusu sacco za matatu. Tangu serikali iwalazimishe wenye magari kuingia kwenye sacco, karibu mwaka 2010 na 2011, nimeona vijana wengi wakipanda huko. Utingo anaweka akiba yake kila jioni, kidogo kidogo. Baada ya miaka michache anamiliki sehemu ya gari na wenzake. Anachaguliwa kamati ya stejini, anasuluhisha ugomvi wa zamu, anaenda kumtoa dereva kituo cha polisi. Mwenyekiti wa sacco yetu alikuwa utingo. Sacco hiyo haikumuuliza kama ana shamba, ilimuuliza ameweka pesa ngapi jana.

Sisemi huko ni peponi, kuna mabavu na kuna wizi. Ila mlango uko chini, mtu anaufikia.

#8 Nyuki wa Mbozi

Nimerudi. Swali lako #4 limenikalia. Hesabu zilisomwa kwa afisa tu, kijiji hakikusoma kitu. Nakubali.

Sasa mama, wewe umefanya nini? Maana kulalamika humu hakutafungua hilo dirisha.

#9 Mama Mbuni

Kweli mkuu. Nilisita kuandika kwa sababu tumeanza juzi tu, lakini acha niseme.

Kwanza kitalu. Chama kinahitaji miche ya chotara zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, zile za kituo cha utafiti cha Lyamungo, na kila msimu tulikuwa tunaisubiri ije kutoka kwingine. Bodi ikakubali kutoa eneo nyuma ya ghala na fedha ya viriba, ile mifuko ya kuoteshea miche, na ya kivuli. Tukawakabidhi vijana saba: viriba 3,000, kitabu chao, akaunti yao ndogo yenye saini tatu, mbili za kwao na moja ya bodi. Sharti moja: taarifa wanasoma wenyewe kwenye mkutano mkuu, ndani, wamesimama mbele.

Msimu wa kwanza walipoteza karibu theluthi. Walichelewa kufunika kivuli, jua la Januari likaunguza. Mimi niliijua hesabu kabla ya mkutano, na nilijaribiwa kuwasaidia kuilainisha. Yule kijana akakataa. Akasimama akasoma: vilivyopandwa, vilivyokufa, sababu, waliokuwa zamu wiki ile, na jina lake likiwemo. Kulikuwa kimya. Mzee mmoja, ambaye ndiye aliyepaza sauti mwaka ule atolewe nje, akauliza wamejifunza nini. Kijana akajibu kuhusu majani ya migomba na saa za kumwagilia. Mzee akasema, "Nyumbani kwangu kuna majani, njooni mkate." Mpaka leo wanakata kwake.

Pili ni masharti, na hapa ndipo palipotutoa jasho. Tulipendekeza mtu wa miaka 18 na kuendelea awe mwanachama akiwa na mibuni hamsini anayoihudumia, hata kama ardhi si yake. Wazee wakagoma. Nilidhani ni choyo, nikakosea. Nilipokwenda nyumba kwa nyumba nikagundua hofu yao ni nyingine: kwa mila, kumwachia mtu mibuni ni kama kumkatia kihamba, kwa sababu mbuni ni zao la kudumu. Wanaogopa kesi za ukoo, ndugu waliopo Dar waje kudai wamedhulumiwa. Hofu hiyo ina haki yake. Tukatengeneza barua inayotenganisha mavuno na ardhi. Mkutano ukapitisha kwa kura, marekebisho yameshapelekwa kwa Mrajis wa vyama vya ushirika, tunasubiri.

#10 Karani Mstaafu

Hapo kwenye kusoma hasara bila kuilainisha, umenikumbusha mzee wangu. Mwambie huyo kijana nimemsalimia.

#11 Sauti ya Tatu

Na mabinti? Uliandika mwanzoni "sisi wengine", halafu hukurudi.

#12 Mama Mbuni

Umeniona mdogo wangu. Kwenye kitalu mabinti ni wanne kati ya saba, na kitabu cha viriba kinaandikwa na mmoja wao. Kwenye barua bado ni vigumu. Wazazi kumi na tisa wameshatia saini, na walioandikia binti ni wawili tu. Mmoja wao ni baba yangu. Ana miaka 81. Mimi hakuniandikia nilipokuwa na umri huo, na sikumdai. Mwezi uliopita aliniita, akaniomba karatasi, akamwandikia binti yangu mibuni sitini ya upande wa mfereji. Alihesabu mwenyewe kwa fimbo, mbuni kwa mbuni, asubuhi nzima.

#13 Ng'wanapamba

Tuwekee maneno ya hiyo barua hapa, huku kwetu tunaweza kuigeuza kwa pamba na kwa mashine.

#14 Mama Mbuni

Hii hapa, tumeifanya fupi ili mzee aweze kusomewa mara moja akaelewa:

"Mimi ______ wa kitongoji cha ______, mwanachama namba ______, nimempa mwanangu ______ mibuni ______ iliyopo upande wa ______ wa kihamba changu. Ataitunza, ataivuna na atauza kahawa yake kwa jina lake na kwa namba yake. Ardhi inabaki kama ilivyo kwa taratibu za ukoo. Nikitaka kuirudisha mibuni, nitamwambia msimu mmoja kabla, mbele ya mashahidi."

Mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa kitongoji. Nakala tatu: ya mzazi, ya mtoto, ya chama. Ile sentensi ya mwisho kuhusu msimu mmoja iliongezwa na wazee wenyewe, na baada ya kuiongeza ndipo saini zilipoanza kuja. Kwenye pamba, ambayo hupandwa kila mwaka, nadhani mtahitaji kuandika ekari na msimu badala ya idadi ya miti. Mkishaandika ya kwenu, nileteeni humu nami niisome.